Kutohoa Kazi ya Sanaa

Kitenzi "tohoa" kimekuwa kwa muda mrefu mali ya wanaisimu. Twatohoa neno la kigeni, twalivika sauti na viambishi vya Kiswahili, nalo laingia kamusini. Je, chaweza pia kutaja kazi ya kuigeuza riwaya au filamu kuwa mchezo wa video? Wapo wanaopendelea "kutafsiri", na wapo wanaotosheka na "kutumia". Mfasiri aliyeko Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu 2012, asidhani kwamba ubishi huu ni wa miji ya ng'ambo tu, tutamrudia.

Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT, Marekani, walitunga Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vinavyopigana angani, kwa kuchochewa na riwaya za kisayansi za E. E. Smith. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitoa Space Invaders, ambao wavamizi wake wenye umbo la pweza wana asili katika riwaya ya H. G. Wells ya 1898. Hapo kilichochukuliwa ni wazo, na hakimiliki hailindi wazo. "Kuchochewa" kunatosha.

Mambo yaligeuka studio zilipotaka jina lenyewe. Atari ilinunua haki ya kutengeneza mchezo wa filamu ya E.T. mwaka 1982, na mtunzi, Howard Scott Warshaw, akapewa kama majuma matano tu. Bidhaa zilizododa zilifukiwa Alamogordo mwaka 1983, zikafukuliwa 2014. Jina lilihama, hadithi ikabaki nyuma, mithili ya neno la kigeni lililoandikwa kwa herufi zetu lakini halitamkiki.

Karibu nasi, studio ya Jiwe ya Nairobi ilitengeneza mchezo kutokana na Usoni, tamthilia ya kisayansi ya Marc Rigaudis, ambamo Ulaya haikaliki tena na watu wake wanakimbilia Afrika. (Jina hilo latokana na "siku za usoni", tunalipongeza.) Mtazamaji wa tamthilia hufuata safari, mchezaji huisafiri, na aweza kushindwa njiani. Kwa sababu hiyo "kutafsiri" hakufai. Mfasiri hana ruhusa ya kumwacha msomaji abadili mwisho.

Turudi Bariadi. Wasukuma wanayo ngano ya Masala Kulangwa, kijana aliyemuua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa tumboni mwake watu aliowameza, baba yake miongoni mwao. Studio yoyote ingeitamani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, ngano zikiwamo, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya mila kwahitaji kibali. Ikiwa mkataba wasema "kutumia ngano", mzee msimulizi aweza kudhani kwamba anaombwa kusimulia jioni moja. Ukisema "kutohoa ngano kuwa mchezo", atauliza nini kitabadilishwa, nani atauza, na Bariadi itapata nini.

Kwa hiyo twapendekeza kutohoa, mtohozi na haki ya kutohoa. "Kutumia" kubaki kwa kazi isiyobadilishwa. Kuhusu "kazi tohozi" bado tunasita, maana kivumishi hicho chaweza kueleweka kwamba kazi yenyewe ndiyo inayotohoa.