Ughaibuni bila pasipoti: mwalimu wa Kiingereza Kaskazini Mashariki

Ukitaja kazi ya kufundisha Kiingereza ughaibuni, wengi humfikiria kijana wa Marekani au Uingereza aliyebeba begi mgongoni akielekea Uchina, au siku hizi Mkenya aliyepata mkataba katika nchi za Ghuba. Lakini uko ughaibuni mwingine usiohitaji pasipoti. Huo huanzia kwenye daraja la mto Tana, kilomita zipatazo 370 kutoka Nairobi, pale ambapo abiria hushushwa basini na kuonyesha vitambulisho kabla ya kuendelea na safari. Wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera wana msemo wao. Mtu anayesafiri kwenda Nairobi, Thika au Nakuru huambiwa "anaenda Kenya", au kwa Kiingereza cha mtaani, "down Kenya". Mgeni akisikia hivyo mara ya kwanza hucheka. Akikaa miaka miwili huacha kucheka.

Msemo huo una historia ndefu, na mwalimu wa Kiingereza aliyetumwa kule, ajue asijue, huingia darasani akiwa ameubeba mabegani.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Wilaya za Pembezoni, iliyowapa watawala uwezo wa kufunga eneo zima lisiingiwe wala kutokwa ila kwa kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwaongezea maofisa wa wilaya mamlaka makubwa zaidi juu ya wenyeji. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, maarufu kama NFD, ikawa kama chumba cha nyuma kilichotiwa kufuli. Kwingineko nchini shule nyingi zilianzishwa na wamisheni. Kaskazini, ambako wengi walikuwa Waislamu na wafugaji wa kuhamahama, wamisheni hawakupewa nafasi ya maana, na serikali yenyewe haikuwa na haraka ya kuziba pengo hilo. Elimu ya wenyeji ilikuwa ya dugsi, yaani chuo cha Kurani, na mwalimu wa chuo hicho aliweza kuhama na ngamia pamoja na wanafunzi wake. Shule za serikali zilizochelewa kufika hazikuweza kuhama na mtu.

Sasa hebu tutazame lugha. Kiswahili kilifika NFD mapema kuliko Kiingereza, ila kilifika kikiwa kimevaa sare. Kilikuwa lugha ya askari, ya karani wa kibali na ya mahakama ya mkuu wa wilaya. Mtu alikisikia pale alipokuwa akiamrishwa. Nadhani hapo ndipo mizizi ya uhusiano wa baridi kati ya wenyeji na lugha hii ilipo, si eti kwamba Wasomali "hawapendi Kiswahili", kama tusemavyo kwa wepesi. Na kuna kejeli ya aina yake: Msomali wa Somalia humtania mwenzake wa Kenya kwa kumwita "Sijui". Inasemekana ni kwa sababu kila akiulizwa jambo, Msomali wa Kenya hujibu kwa neno hilo la Kiswahili. Mtu huyo akivuka mpaka kuelekea Mogadishu ni Mkenya mno. Akivuka Tana kuelekea Nairobi, ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa ni Mkenya.

Uhuru ulipokaribia, tume iliyoundwa mwaka 1962 iliona kwamba wengi katika eneo hilo walitaka kujiunga na Somalia. Hawakukubaliwa. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, vita vya Shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya 1967, na sheria za dharura zikabaki hadi mapema miaka ya 1990. Kizazi kizima kilisoma, au hakikusoma, chini ya sheria hizo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 nao ulisema wazi kuwa fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Kaskazini hakukuwa na hata kimoja kati ya vitatu hivyo.

Katikati ya hali hiyo Ripoti ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kwa Nairobi yenye watoto wa lugha nyingi, sawa. Lakini ni nani angekifundisha Wajir? Walimu wenyeji walihesabika kwa vidole. Basi walimu wakatoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii na Mlima Kenya, wakiwa na barua ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) mfukoni na ahadi ya marupurupu ya mazingira magumu.

Hapa pana ulinganisho ambao haunitoki akilini. Kuanzia miaka hiyo ya 1960, Marekani ilileta Kenya vijana wa kujitolea wa Peace Corps, na wengi wao walikuwa walimu. Kijana wa Peace Corps hakuingizwa darasani moja kwa moja. Kwanza aliwekwa kwenye mafunzo ya wiki kadhaa, akafundishwa Kiswahili, namna ya kusalimia, kula na wenyeji na kuvaa. Waliomtuma walijua anakwenda ugenini. Mwalimu wa Kisii aliyepelekwa El Wak hakufundishwa hata jinsi ya kusema "kaa chini" kwa Kisomali, kwa sababu kwenye karatasi alikuwa nyumbani. Serikali ilimhesabu mwenyeji, watoto wakamwona mgeni, naye akajikuta anasomesha lugha ya tatu kwa watoto ambao lugha yake ya pili, yaani Kiswahili, hawaielewi. Chuoni alikuwa amefunzwa kumfundisha mtoto anayesikia Kiingereza redioni, sokoni na kwa jirani. Hakufunzwa kufundisha lugha ya kigeni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Tuchukue mambo machache ya darasani, kwa kuwa hii ni safu ya lugha. Kisomali hakina sauti /p/. Paper husikika baber, na pesa zetu huwa besa. Mwalimu asiyejua hilo humchapa mtoto au humcheka, akidhani ni uzembe. Vilevile neno likianza na s iliyofuatwa na konsonanti nyingine, Kisomali hutanguliza irabu: school huwa iskuul. Waswahili tulifanya jambo linalokaribia hilo tulipobadilisha neno hilohilo kuwa skuli, ila sisi irabu tuliitia mwishoni.

Lakini si kila kitu ni kikwazo, na hapa ndipo mafunzo ya wiki chache tu yangefaa. Kiingereza kina the, ambayo humtoa jasho mwanafunzi anayezungumza Kiswahili kwa kuwa lugha yetu haina kibainishi cha namna hiyo. Kisomali kinacho, tena hukigandisha mwishoni mwa nomino: wiil ni mvulana, wiilka ni mvulana yule tunayemjua; buug ni kitabu, buugga ni kile tulichokitaja. Mtoto wa Garissa tayari anayo kichwani tofauti ambayo mwalimu wake mwenyewe labda aliihangaikia hadi kidato cha nne. Ni wangapi waliowahi kuitumia tofauti hiyo ubaoni? Na Kiswahili kingeweza kuwa daraja badala ya ukuta, kwa vile maneno yaliyotoka Kiarabu yamejaa pande zote mbili: kitabu na kitaab, kalamu na qalin, wakati na waqti, hesabu na xisaab, elimu na cilmi. Hata mwalimu mwenyewe ni macallin.

Tahajia nayo ina vituko vyake. Somalia ilichagua herufi za Kilatini mwaka 1972, na katika mfumo huo c husimamia sauti ya ain ya Kiarabu, na x ni ile ha nzito. Basi mtoto aliyetoka Kismayu akijiandika Cabdi Xasan, na binamu yake wa Garissa akijiandika Abdi Hassan, ni majina yaleyale. Mwalimu kutoka bara akiita "Kabdi Ksasan" kwenye daftari la mahudhurio, darasa zima huanguka kicheko. Mtoto aliyezoea tahajia hiyo akikutana na cat kwa mara ya kwanza, ana haki ya kuduwaa.

Hayo ni masaibu ya kawaida, na walimu wengi waliyazoea, wakajifunza Kisomali cha sokoni, wakakaa. Kisha likaja la kutisha. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria waliamriwa kukariri maneno ya shahada. Walioshindwa walitengwa wakauawa. Watu 28 walikufa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Watu waliokwenda kule kusahihisha matamshi ya wengine waliuawa kwa mtihani wa ulimi. Mwaka uliofuata, Desemba, basi jingine lilivamiwa katika kaunti hiyohiyo, na safari hii abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi akiwakinga wenzake, na akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote inahusu safari kama hiyo.

Walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Baada ya mauaji ya Qarsa, Wajir, mwaka 2018, na ya Kamuthe, Garissa, Januari 2020, TSC iliwahamisha wengine kwa wingi. Siwezi kumlaumu mwalimu aliyekimbia, nani angebaki? Wala siwezi kumlaumu mzazi wa Wajir aliyeuliza kwa nini mwanawe aadhibiwe kwa kosa la muuaji. Shule zilibaki na mwalimu mmoja au wawili, na mahali pengine jamii zikachanga fedha kuwalipa vijana waliotoka tu kidato cha nne wawashikie madarasa. Lile pengo la walimu wenyeji la mwaka 1963 likaonekana upya.

Ajabu ni kwamba, katika kaunti hiyohiyo ya Garissa, watu wasiotakiwa kuwa Wakenya walikuwa wamekwisha kupata njia yao. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992. Shule zake zilikuja kufuata mtaala wa Kenya, Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia, na walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, waliosoma humohumo kambini na wanaolipwa posho ndogo tu. Walimu hao hawakuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo walibaki. Mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, vikishirikiana na York na British Columbia vya Canada, vilianza kuwapa masomo ya ualimu wakiwa huko huko Dadaab. Mradi huo ulifundisha wakimbizi na wenyeji pamoja, jambo ambalo lingefaa kufanywa miaka hamsini kabla. Kiingereza chao bado kina baber na iskuul. Wanafunzi wao kadhaa wamekipita na kwenda vyuo vya Canada kwa ufadhili, na huko sasa wao ndio wageni wanaosahihishwa matamshi.

Mjini Garissa kilikuwepo chuo cha ualimu. Mwaka 2011 kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Moi, kikiwa chuo cha umma cha kwanza cha ngazi hiyo katika eneo lote. Wanafunzi wengi walitoka "Kenya". Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa pale, wakiwemo waliokuwa wakisomea ualimu. Kilifunguliwa tena Januari 2016 kikiwa na wanafunzi wachache mno, wengi wao wenyeji, na mwaka 2017 kikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Kinaendelea kufundisha walimu. Wanaofuzu humo wakitokea Garissa, Wajir au Mandera hawahitaji kuelezwa kwa nini mtoto anasema baber. Hao wanaotoka ng'ambo ya daraja bado wanahitaji, na bado hakuna anayewaeleza kabla ya kupanda basi.