Michael Ondoga na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda, 1973–1974

Ukitaja West Nile mbele ya wanafunzi wanaotoka sehemu nyingine za Uganda, jina la kwanza utakalolisikia ni la Idi Amin. Mimi natoka Manibe, karibu na mji wa Arua, na nimeshazoea. Wengine husema kwa utani, wengine kwa uchungu kwa sababu ndugu zao waliuawa, na huyo wa pili simlaumu. Linalonikera ni hitimisho linalofuata, kwamba serikali ya miaka ile ilikuwa ya watu wa West Nile wote, ikawanufaisha wote, na kwa hiyo wote wana deni. Katika insha hii nitalipima dai hilo kwa kutumia maisha ya mtu mmoja, Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa balozi wa Uganda mjini Moscow kisha waziri wa mambo ya nje.

Inafaa kwanza kueleza jinsi watu wa kwetu walivyoingia jeshini. West Nile ilichelewa kuwa sehemu ya Uganda. Ilikuwa katika eneo la Lado lililokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likarudi chini ya Sudan mwaka 1910 baada ya kifo chake mwaka 1909, na sehemu yetu ikakabidhiwa Uganda mwaka 1914. Serikali ya kikoloni haikuleta viwanda wala mashamba makubwa huku. Ilichokitaka kutoka kwetu ni vijana wa kwenda kukata miwa katika mashamba ya kusini, na vijana wa kuvaa sare za KAR. Kiswahili nacho kilitufikia kwa njia hiyohiyo ya kambini. Kwa hiyo Amin alipoiangusha serikali ya Obote tarehe 25 Januari 1971, askari wa West Nile walikuwa wengi jeshini kwa sababu zilizoanza kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kumshangilia. Katika miezi iliyofuata askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kwa wingi kambini, na nafasi zao zikajazwa. Baadhi ya waliopanda ngazi walikuwa Walugbara. Hilo ni kweli na sina nia ya kulificha.

Ondoga alipelekwa Moscow wakati ubalozi ule ulikuwa na uzito. Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waisraeli waliokuwa wakilifundisha jeshi lake, na baadaye mwaka huohuo akawafukuza Waasia, jambo lililoharibu uhusiano na Uingereza. Mlango uliobaki wa kupata silaha ukawa Muungano wa Kisovieti na nchi za Kiarabu. Balozi mwanajeshi mjini Moscow alikuwa anakaa mlangoni hapo.

Mwaka 1973 akaitwa nyumbani kuwa waziri. Aliyeshika wizara hiyo tangu 1971 alikuwa Wanume Kibedi, mwanasheria, kaka wa Malyamu, mke wa Amin. Kibedi alibaki ng'ambo mwaka 1973, na mwaka uliofuata akamwandikia shemeji yake barua ya wazi akieleza mauaji yaliyokuwa yakitendeka. Ondoga hakuweza kutojua kwa nini kiti kile kilikuwa wazi.

Je, waziri wa mambo ya nje wa Amin alifanya kazi gani hasa? Tutazame mwaka wenyewe. Mwezi Julai 1973 Amin alimtumia Rais Nixon wa Marekani simu ya maandishi akimtakia apone haraka kutokana na kashfa ya Watergate. Siku chache baadaye ndege iliyokuwa na vijana zaidi ya 100 wa Peace Corps wakielekea Zaire ilizuiwa Entebbe, eti huenda ni mamluki, mpaka Mobutu mwenyewe alipothibitisha kwamba ni wageni wake. Novemba Marekani ikafunga ubalozi wake Kampala. Desemba Amin akaanzisha mfuko wa kuisaidia Uingereza iliyokuwa na matatizo ya uchumi, kejeli ambayo magazeti ya dunia yaliipenda sana. Watu hucheka mpaka leo. Lakini jaribu kuisoma orodha hiyo ukiwa umekaa kwenye kiti cha waziri. Kila tukio linaanza ikulu, linatangazwa Radio Uganda, mara nyingi kwa jina la "msemaji wa jeshi," ambaye hakuna aliyemjua sura, kisha mabalozi wa nchi za nje wanataka maelezo, na maelezo yanatakiwa yatoke wizarani. Sera ya nje ilitungwa bila wizara ya mambo ya nje. Wizara ilibaki kusafisha vyombo.

(Mwaka huohuo wa 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sisi tunaosoma lugha hii Uganda tunalijua tangazo hilo vizuri, na tunajua pia kwamba sehemu ya chuki dhidi ya Kiswahili nchini mwetu inatokana na kinywa kilichokitangaza.)

Mwezi Februari 1974 Ondoga aliondolewa, na nafasi yake akapewa Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Wengine wameandika juu ya kufukuzwa huku kama kichekesho kingine cha Amin. Mwezi Machi Ondoga alitekwa, na mwili wake ukapatikana katika Mto Nile. Hakushtakiwa mahakamani kwa kosa lolote. Bagaya naye alifukuzwa Novemba mwaka huohuo, akatoroka nchi mwaka 1975. Ukiwahesabu Kibedi, Ondoga na Bagaya, wawili waliponea ng'ambo na mmoja aliuawa, na aliyeuawa ndiye aliyetoka West Nile.

Kifo hiki ndicho kinachovunja lile dai nililoanza nalo. Kufikia mwanzo wa 1974 nguvu jeshini zilikuwa zimeanza kukusanyika kwa kundi dogo zaidi, hasa Wanubi, baadhi ya Wakakwa, na watu waliotoka Sudan. Hussein Marella, mwenye asili ya Sudan, aliongoza polisi wa kijeshi na kukaimu unadhimu mkuu wa jeshi. Maofisa wa Kilugbara walianza kushukiwa na kusogezwa pembeni. Usiku wa tarehe 23 Machi kuamkia 24, siku chache baada ya mwili wa Ondoga kupatikana, askari wa kambi ya Malire waliasi Kampala. Waliotajwa kuwa viongozi ni Brigedia Charles Arube na Luteni Kanali Elly Aseni. Aseni alikuwa Mlugbara. Arube alikuwa Mkakwa, kabila moja na Amin, lakini Mkristo, naye alikuwa amerudi kutoka mafunzoni katika Muungano wa Kisovieti na kukuta madaraka yake yako mikononi mwa Marella. Uasi ulishindwa na Arube akafa. Tarehe 26 Machi redio ikatangaza kwamba Amin amewapa talaka wake zake watatu, Malyamu, Kay na Nora. Kay Adroa, binti wa mchungaji kutoka Arua, alikutwa amekufa mwezi Agosti, mwili wake umekatwakatwa.

Ninaposoma mfululizo huu wa miezi sita sioni serikali ya West Nile. Naona mtu mmoja akipunguza idadi ya watu anaowaamini, na watu wa nyumbani kwao wakiwa miongoni mwa walioanguka. Mhadhiri mmoja aliposikia hoja yangu aliniuliza swali gumu: je, Ondoga hakuwa mtumishi wa serikali ileile kwa miaka mitatu, wakati Waacholi na Walangi wanauawa? Alikuwa. Simwiti shujaa. Alikuwa luteni kanali katika jeshi lililoua, na alikubali uwaziri akijua aliyemtangulia ameogopa kurudi. Ninachokisema ni kidogo kuliko hapo: kwamba mtu anaweza kuwa mtumishi wa serikali mbaya na pia mhanga wake, na kwamba kabila lake halikumkinga.

Mwaka 1974 Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea tangu Januari 1971, chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume ilisikiliza mashahidi 545, ikiwa na mwanajeshi miongoni mwa wajumbe wake, na wajane walikuja kusema. Naiheshimu kazi ile kuliko wanavyoiheshimu wengine, maana kusimama mbele ya tume ya Amin na kumtaja aliyemchukua mume wako kulihitaji moyo. Baadaye, mwaka 1986, ikaja tume ya Jaji Arthur Oder. Kwa upande wa vitabu, Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wa afya, alitoroka mwaka 1977 na kuandika aliyoyaona. Profesa Semakula Kiwanuka, mwanahistoria wa Buganda, alichapisha kitabu juu ya Amin mwaka 1979, na baadaye akawa balozi wa Uganda Umoja wa Mataifa, kisha waziri. Nawataja kwa sababu walipata walichonyimwa Ondoga, yaani miaka ya kuishi baada ya Amin na kueleza upande wao. Ondoga katika vitabu ni sentensi mbili au tatu, na zote zinahusu jinsi alivyokufa.

Amin alipoangushwa Aprili 1979, hesabu ilikuja kudaiwa huku kwetu. Oktoba 1980, baada ya wapiganaji waliokimbilia Sudan na Zaire kushambulia, askari wa serikali mpya walilipiza kisasi kwa raia, na mji wa Arua ukaharibiwa. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alikaa Ariwara, upande wa Zaire, kwa miaka kadhaa. Likizo iliyopita nilimuuliza juu ya Ondoga. Alilikumbuka jina mara moja, akaniambia kwamba habari za kifo kile zilifika Arua zikisemwa kwa sauti ya chini, na kwamba baada ya hapo watu walianza kuchagua mtu wa kukaa naye sokoni. Nikamuuliza kama mwaka 1980 kuna askari yeyote aliyewauliza walikuwa upande gani mwaka 1974. Akaniambia hawakuuliza hata majina.