Kikao cha kuacha pombe: kipi kinakufaa?
Kwetu Pwani mlevi hufichwa, na aibu hiyo hiyo ndiyo humrudisha mangweni. Jamaa wakiniuliza, huwaelekeza Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Marekani mwaka 1935. Hakina ada; sharti ni kutaka kuacha pombe tu. Kikao cha wazi hata mke au ndugu huingia. Kilichofungwa ni cha wenye tatizo pekee. Vingine hufanyika kwenye kumbi za makanisa, lakini chama hakifungamani na dini yoyote. Wakiomba dua usiyoiafiki, nyamaza tu. Jaribu vikao vitatu vinne kabla ya kukata tamaa, maana watu hutofautiana. Ila anayetetemeka akikosa pombe aanzie hospitali: kuacha ghafla kwaweza kumwangusha kama mwenye kifafa, hata kumuua. Simu ya NACADA, 1192, ni bure.