Matangazo bandia ya kazi

Matangazo bandia ya kazi ni matangazo ya ajira yanayowekwa mtandaoni na watu wasio na nafasi yoyote ya kazi ya kutoa. Lengo lao ni kupata pesa za mwombaji, nakala za vitambulisho vyake au, katika hali mbaya zaidi, kumpata mwombaji mwenyewe. Huenea kupitia Facebook, Telegram, makundi ya WhatsApp na ujumbe mfupi wa simu. Huingia pia katika tovuti za ajira zinazoheshimika, kwa kuwa si rahisi kumhakiki kila anayetangaza.

Namna utapeli unavyofanyika

Mara nyingi tapeli habuni kampuni mpya. Huchukua jina la taasisi inayojulikana, kama vile benki, mgodi, wizara au shirika la Umoja wa Mataifa, akanakili tangazo la zamani lililokuwa la kweli na kubadilisha namba ya simu na barua pepe tu. Kwa hiyo nembo na lugha safi havithibitishi chochote.

Mwombaji hujibiwa haraka. Usaili hufanyika kwa ujumbe wa WhatsApp kwa dakika chache, au haufanyiki kabisa, kisha hutumwa barua ya ajira yenye muhuri. Ombi la pesa huja baada ya hapo, wakati mtu ameshaanza kuwaambia ndugu zake kwamba amepata kazi. Huitwa ada ya fomu, vipimo vya afya, sare au mafunzo. Kiasi cha kwanza huwa kidogo makusudi. Kikishalipwa, huzuka ada nyingine.

Katika aina nyingine mtu huahidiwa kazi ya kufanyia nyumbani, kama kupenda video au kuzipa hoteli nyota. Siku za kwanza hulipwa kweli, ingawa ni pesa kidogo. Baadaye huambiwa aweke fedha zake ili afunguliwe kazi zenye malipo makubwa. Salio huonekana likikua kwenye skrini, lakini haliwezi kutolewa.

Wapo pia wasioomba hata shilingi. Nakala ya kitambulisho pamoja na picha ya uso vinaweza kutumika kukopa au kusajili laini ya simu kwa jina la mwenyewe.

Dalili na uhakiki

Dalili yenye uzito kuliko zote ni malipo. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kuwatoza wafanyakazi, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa makundi maalumu. Pesa ikitakiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, jambo hilo peke yake linatosha kuachana na tangazo.

Anwani ya tovuti husomwa kuanzia mwisho. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz na za Kenya .go.ke. Anwani yenye maneno "ajira.go.tz" katikati lakini inayoishia na .com si ya serikali. Ni salama zaidi kuandika anwani ya mwajiri kwa mkono kuliko kubonyeza kiungo kilichotumwa, na kupiga simu kwa namba iliyopatikana kwingine, si ile ya kwenye tangazo.

Nchini Tanzania nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kupitia mfumo wake wa Ajira Portal. Nchini Kenya, mawakala wa kupeleka watu kazini nje husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.

Ajira za nje ya nchi

Hapa hatari huvuka pesa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya vijana kuhusu kazi za mauzo na huduma kwa wateja zilizotangazwa kuwa ziko Thailand. Waliokubali walipokelewa Bangkok, wakasafirishwa hadi mpakani karibu na Mae Sot na kuvushwa kwenda Myanmar, ambako walifungiwa katika majengo yenye ulinzi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa hivyo Myanmar, na takriban 100,000 Kambodia. Wengi walikuwa na elimu nzuri na walijua lugha kadhaa, kwani hao ndio waliotafutwa.

Mwajiri anayemwambia mtu asafiri kwa viza ya utalii, au ambaye mkataba wake haupatikani kabla ya safari, anastahili kutiliwa shaka.

Baada ya kutapeliwa

Aliyetuma pesa hupaswa kuwasiliana mara moja na kampuni ya simu au benki, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha. Ujumbe, namba na risiti havifutwi, hata kama mtu anaona aibu, kwani polisi huvihitaji kama ushahidi. Kesi za namna hii hushughulikiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania, na nchini Kenya kwa sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018. Mtu akiwa amesafirishwa ili anyonywe, sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haihesabu ridhaa yake kuwa utetezi wa aliyemsafirisha.