Wifredo Lam: mchoraji mwenye damu ya Kongo na tablo iliyowekwa karibu na mlango

Wifredo Lam alikuwa mchoraji wa inchi ya Cuba. Alizaliwa mwaka wa 1902 mu mji mdogo wa Sagua la Grande, kwenye eneo la mashamba ya miwa. Baba yake alikuwa Mchina. Mama yake, Ana Serafina Castilla, alizaliwa na mwanamke wa asili ya Kongo aliyekuwa mtumwa. Njo maana historia yake inagusa pia Wakongomani: ni habari ya wale waliopakizwa mu mashua, na wajukuu wao.

Cuba ilikomesha utumwa mu mwaka wa 1886 tu. Lam alipokuwa mtoto, wazee waliokatisha miwa kwa nguvu walikuwa wangali hai. Mama yake wa ubatizo, Matonica Wilson, alikuwa mganga na mkubwa wa dini ya mababu walioitoa Afrika. Alitaka mtoto amurizi. Lam alikataa, akachagua kuchora.

Kusoma Ulaya, kukimbia vita

Mwaka wa 1923 alienda kusoma Hispania. Maisha haikuwa rahisi: mu 1931 bibi yake na mtoto wao mudogo walikufa na kifua kikuu. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, Lam alisimama upande wa Jamhuri. Mu 1938 alifika Paris, na Picasso akamupokea kama ndugu.

Huko alikutana na wasurealisti. Hao ni wasanii waliofwata André Breton, aliyetoa tangazo lao mu 1924. Walisema msanii achore kile ndoto inamuletea, bila kungoja ruhusa ya akili. Wengi wao walikusanya sanamu za Afrika na za visiwa vya Pasifiki. Lakini mwenye kutengeneza sanamu, yeye hakuna aliyeuliza jina lake.

Wanazi walipoingia Ufaransa, Lam na Breton walikimbilia Marseille, kisha mu Machi 1941 wakapanda mashua moja. Ku Martinique, Lam akajuana na mshairi Aimé Césaire, ambaye pamoja na bibi yake Suzanne alikuwa anatoa gazeti Tropiques.

La Jungla

Lam alirudi Cuba kisha miaka 18. Akakuta watu weusi wangali maskini, na ngoma zao zinauzishwa kwa watalii. Kutoka hasira hiyo ilitoka tablo yake kubwa, La Jungla, ya 1942 na 1943. Iko na zaidi ya metre mbili kila upande.

Jina linasema pori, lakini ukiangalia muzuri si pori. Ni miwa na majani ya tumbaku. Kati yake mumesimama watu wenye sura kama maski, mikono na miguu mirefu, na mmoja anashika makasi. Miwa na mwili vinachanganyikana mpaka mtu hajui kimoja kinaishia wapi. Ni shamba lile lile lililokula mababu.

Lam mwenyewe alieleza kwamba uchoraji wake ulikuwa kazi ya kuondoa ukoloni, lakini ule wa mu akili.

Mlangoni

Mu 1945 nyumba ya makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, MoMA, ilinunua tablo hiyo. Lakini kwa muda murefu ilitundikwa mu njia ya kupita, karibu na pahali watu wanaachia makoti, wakati Picasso na wenzake walikuwa ndani. Mu 1988 mwandishi John Yau aliandika kulaumu jambo hilo: Lam alihesabiwa kama mfwasi wa wazungu, wakati alikuwa anajibizana nao.

Na hakuwa peke yake. Mu Kairo, tangu 1938, kundi Sanaa na Uhuru lilikuwa na wasurealisti wake, ambao walipinga Wanazi waziwazi. Hawa wote hawakuazima ndoto za Paris. Walikuwa na zao, na walikuwa na vita vyao.

Lam alikufa Paris mu 1982. Mu 2025 MoMA ilimufungulia maonyesho makubwa ya kazi yake yote. Bibi yake wa Kongo alivukishwa bahari bila kuulizwa. Mjukuu wake, kazi yake iliingia ndani kisha kungojea mlangoni miaka mingi.