Nani Aliwaambia Saa ya Betri ni Takataka?

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi wapenzi wa saa. Kwao, saa ya maana ni ile ya springi na gia. Ya betri? Hiyo ni ya kuvaa ukienda kuteka maji. Lakini historia inasema mengine kabisa, manze.

Turudi Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969. Kampuni ya Seiko inaanza kuuza Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuingia sokoni. Bei ilikuwa yeni 450,000. Kwa pesa hizo ungejinunulia Toyota Corolla, gari zima! Kwa hivyo saa ya betri haikuzaliwa maskini.

Mbona mtu alipe hivyo? Ndani yake kuna kipande kidogo cha kwatzi, aina ya jiwe. Kikipata umeme wa betri kinatetemeka, na kwenye Astron kilitetemeka mara 8,192 kila sekunde. Saa ikawa inakosea kwa sekunde 5 hivi kwa mwezi. Saa nzuri ya springi hukosea sekunde kadhaa kila siku.

Halafu bei zikaporomoka. Kwatzi ikawa ya kila mtu, na Uswisi ikalia: wafanyakazi wa saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki karibu 30,000. Waliosalia hawangeshinda tena kwa kuonyesha saa sahihi, ndio wakaanza kuuza ufundi na urithi. Hapo ndipo jina la kwatzi lilichafuka.

Lakini kuna mafundi waliokataa. Mwaka 1993, Grand Seiko walitoa mashine ya 9F, inayokosea sekunde 10 tu kwa mwaka, na yenye nguvu ya kusukuma mishale mizito kama ya saa za springi. Mwaka 2019, Citizen wakaleta Caliber 0100: sekunde moja kwa mwaka! Hata F.P. Journe, bingwa wa saa za springi pale Geneva, alitoa Élégante mwaka 2014. Ukiiacha mezani kama nusu saa, mishale inasimama ili kuokoa betri. Ukiivaa tena, inakimbia yenyewe hadi saa ya sasa.

Sawa, ubaya upo. Saketi ya zamani ikiungua, kupata nyingine ni shida, ilhali fundi anaweza kukuchongea gia. Hilo siwezi kubisha.

Ila angalia soko: Grand Seiko nyingi za kwatzi zinauzwa bei ya chini kuliko wenzake wa springi, na zinaonyesha saa vizuri zaidi. Nadhani sehemu ya tofauti hiyo inatokana na dharau. Mkusanyaji mwenye macho anaiona, ananunua, ananyamaza.

Wewe ungechagua gani, saa ya kusifiwa na watu ama saa isiyokudanganya?