Mseto wa Bordeaux

Neno linalomjia mtu upesi anapotafsiri assemblage, istilahi ya Kifaransa inayotumika kwa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, ni mchanganyiko. Neno hilo ni pana mno: saruji na mchanga ni mchanganyiko, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa nayo ni mchanganyiko. Mimi napendekeza mvinyo mseto, kwa sababu ya namna kazi yenyewe inavyofanyika. Bordeaux kila aina ya zabibu huvunwa kwa wakati wake na kwa kawaida huchachushwa peke yake. Merlot huiva mapema, hustawi kwenye udongo wa mfinyanzi wa Pomerol, na huupa mvinyo ulaini. Cabernet Sauvignon huchelewa. Hupenda changarawe za Médoc zinazotunza joto, na huleta ukakasi unaouwezesha mvinyo kukaa miaka mingi. Cabernet Franc huongeza harufu, na Petit Verdot hutiwa kidogo tu kwa ajili ya rangi. Baada ya mavuno wataalamu huonja pipa baada ya pipa, ndipo huamua viwango. Mvua ikiiwahi Cabernet kabla haijaiva, fungu la Merlot huongezwa. Baridi ikiunguza machipukizi ya Merlot, mizani hugeuka. Kila sehemu ina jina, kazi na kiasi chake, na hiyo ndiyo maana tunayoikusudia tunaposema dawa mseto ya malaria au serikali ya mseto.

Atakayepinga atasema mseto halisi ni chakula: mchele na choroko hupikwa pamoja hadi vishikane, ilhali zabibu za Bordeaux hukutana zikiwa tayari ni mvinyo. Kwa maana hiyo ya jikoni, Côte-Rôtie ya bonde la Rhône inalistahili zaidi neno hili, maana huko Syrah nyeusi huchachushwa chombo kimoja na Viognier nyeupe, isiyoruhusiwa kuzidi asilimia 20. Lakini vyama vya serikali ya mseto navyo havikupikwa chungu kimoja, na sijasikia mtu akilalamika.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Bordeaux waliimarisha mvinyo wao kwa Syrah ya Hermitage, iliyotoka bonde hilohilo la Rhône. Leo kufanya hivyo na kuuza chupa kwa jina la Bordeaux ni kuchakachua. Basi mpaka kati ya mseto na uchakachuaji ni wa kanuni tu? Naam, na kanuni hubadilika: mwaka 2021, kwa ajili ya joto linaloongezeka, aina nne mpya za zabibu nyekundu, zikiwamo Marselan na Touriga Nacional, ziliruhusiwa Bordeaux kwa sharti zisizidi asilimia 10. Kinachobadilika hapo ni orodha ya wanaokubaliwa. Mchanganyiko hauna orodha.

Kasoro moja inabaki. Wafaransa huita assemblage hata kuunganisha mapipa ya zabibu za aina moja kutoka vipande tofauti vya shamba. Hapo mseto haufai, tuseme uunganishaji.